Chama Kidogo Kinapotaka Kuungana na Chama Kikubwa

  Mara nyingi tunapokutana hapa tunazungumza juu ya mbegu, mbolea, wadudu na magonjwa ya mimea. Leo tuliweke jembe chini kidogo, twende kwenye ofisi ya chama chetu, tufungue kabati na kuangalia madaftari.

Jambo lenyewe ni hili. Kuna chama kidogo cha wakulima. Pengine ni chama cha mazao, pengine ni chama cha akiba na mikopo. Kina wanachama mia moja hivi, ghala moja, mizani moja, karani mmoja na fedha kidogo benki. Wanachama wamekijenga wenyewe, wengine kwa kubeba mawe na matofali kichwani. Siku moja wanafika wajumbe kutoka chama kikubwa cha wilaya au cha mkoa. Wanasema: "Ndugu zetu, ninyi ni wachache na mtaji wenu ni mdogo. Jiungeni nasi tuwe kitu kimoja." Mkutano unaitishwa. Wengine wanapiga makofi, wengine wananuna. Je, wewe utainua mkono upande gani?

Wapo wanaokubali kwa sababu kitu kikubwa kinapendeza macho. Wapo wanaokataa kwa sababu chama ni chao na hawataki mgeni aguse. Wote hao hawajapima. Mkulima hanunui ng'ombe wa maziwa kwa kutazama pembe. Hutazama meno, kwato na kiwele. Muungano wa vyama nao upimwe hivyo hivyo. Una faida, una hasara, na kuna jambo moja ambalo wengi hulisahau: muungano ukishaandikishwa, chama kidogo hakipo tena mbele ya sheria. Hakina muhuri, hakina mkutano, hakina kinywa cha kudai. Kwa hiyo kila kitu mnachotaka kukilinda, kilindeni kabla ya kutia sahihi. Hilo ndilo neno letu la leo, na yote yanayofuata ni maelezo yake.

KUUNGANA KUNA NAMNA TATU

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Mtu akisema "tuungane", anaweza kuwa na maana tatu mbalimbali.

Namna ya kwanza ni vyama vidogo kubaki kama vilivyo, kila kimoja na uandikishaji wake, wanachama wake na mfuko wake, halafu kwa pamoja vikaunda chama kikuu cha kuvifanyia kazi kubwa kama kutafuta soko na kusafirisha mazao. Mfano wake tunao Kilimanjaro. Wakulima wa kahawa wa huko walianzisha umoja wao mwaka 1925. Sheria ya vyama vya ushirika ilipotungwa mwaka 1932, chama kikuu cha KNCU kikaandikishwa mwaka 1933, na chini yake vyama vya msingi vya vijijini. Chama cha msingi hakikufa. Kiliendelea kupokea kahawa mlimani na kutuma wajumbe kwenye mkutano wa chama kikuu.

Namna ya pili ni vyama viwili au zaidi kufa vyote, na kuzaliwa kimoja kipya chenye jina jipya, masharti mapya na uongozi mpya.

Namna ya tatu ni chama kidogo kuingia ndani ya kikubwa. Kikubwa kinabaki na jina lake na masharti yake. Kidogo ndicho kinachofutwa.

Sasa basi, wageni wakija na maneno matamu, swali la kwanza la mwanachama liwe hili: "Mnatuita kwa namna ipi kati ya hizi tatu?" Wasipojibu wazi, msiendelee. Katika namna ya kwanza mnaweza kujitoa siku nyingine mkiona mambo hayaendi. Katika namna ya pili na ya tatu, kurudi nyuma ni kazi ngumu sana, kwa maana chama cha kurudia hakipo.

MAMBO YALIYOWAHI KUTOKEA

Tusizungumze hewani. Nchi yetu imeona miungano mingi, na kila mmoja una funzo lake.

Tuanzie kanda ya ziwa. Mwaka 1955 vyama vya wakulima wa pamba vilijiunga pamoja katika shirikisho la Victoria, lililoongozwa na Bwana Paul Bomani. Lilikuwa shirikisho kubwa, na chini yake kulikuwa na vyama vikuu vingi vidogo vidogo vilivyokuwa karibu na wakulima. Mwaka 1966 Serikali ilituma kamati maalumu kuchunguza ushirika nchini. Kamati iliona kwamba wanachama wengi hawakuzijua haki zao, watendaji wenye ujuzi walikuwa wachache, na uaminifu ulikosekana mahali pengi. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960 vyama vikuu vile vya kanda ya ziwa viliunganishwa vikawa chama kimoja kikubwa, Nyanza. Tazama hapo, ndugu yangu. Ugonjwa uliotajwa ni mwanachama kutojua haki zake. Kukuza chama peke yake hakumfundishi mwanachama haki zake. Chama kikiwa kikubwa na mwanachama akabaki hajui kusoma mizania, umbali kati yake na fedha zake unazidi kuwa mrefu.

Halafu tarehe 14 Mei 1976 vyama vikuu vyote vya ushirika nchini vilivunjwa kwa amri ya Serikali. Kazi zao za kununua mazao zikapewa mamlaka za mazao, na ushirika wa chini ukawekwa mikononi mwa vijiji. Wanachama hawakupiga kura juu ya jambo hilo. Magari, maghala na vinu vya kuchambulia pamba vikahamia kwenye mikono mingine. Mwaka 1982 ilitungwa sheria ya kurudisha vyama vya ushirika, na vyama vikuu vikaanza kazi tena mwaka 1984. Hapo ndipo shida ilipoonekana. Ghala hili ni la nani? Deni hili ni la nani? Hisa za mzee aliyelipa kabla ya 1976 ziko wapi? Kazi ya kuyajibu maswali hayo ilikuwa ndefu na yenye ugomvi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Lakini msije mkafikiri kwamba kubaki mdogo ni salama siku zote. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilizifungia leseni benki tano ndogo kwa sababu mtaji wao ulikuwa chini ya kiwango kinachotakiwa. Kati ya hizo ilikuwamo benki ya ushirika ya wakulima wa Kagera, benki ya wananchi wa Njombe na benki ya jamii ya Meru. Wakati ule bima ya amana ilimlipa mteja hadi shilingi 1,500,000. Aliyekuwa na zaidi ya hapo ilimpasa kungoja hesabu za ufilisi. Hivyo chama kinachokataa kuungana huku mtaji unakauka nacho kinaweza kuwaumiza wanachama wake.

Na upo mfano wa karibuni zaidi. Tarehe 28 Aprili 2025 mjini Dodoma ilizinduliwa Benki ya Ushirika Tanzania. Msingi wake ni kuunganishwa kwa benki mbili: benki ya ushirika ya Kilimanjaro, iliyokuwa Moshi kwa wakulima wa kahawa, na benki ya jamii ya Tandahimba, iliyokuwa Mtwara kwa wakulima wa korosho. Kila moja peke yake ilikuwa ya sehemu moja ya nchi na ya zao moja kubwa. Zao likianguka, benki nayo hutikisika. Kahawa na korosho zikiwa chini ya paa moja, mwaka mbaya wa zao moja unaweza kubebwa na mwaka mzuri wa jingine. Hiyo ni sababu ya maana ya kuungana, nayo unaweza kuieleza kwa sentensi moja. Chama chenu nacho kiwe na sababu ya namna hiyo.

PIGENI HESABU YA KILO MOJA

Sasa tuingie kwenye hesabu. Chukua kalamu na karatasi. Tuseme chama chenu kina wanachama 100, na kwa mwaka kinapokea kilo 30,000 za kahawa. Mshahara wa karani, mlinzi, karatasi, ukaguzi na matengenezo ya ghala vinagharimu shilingi 4,500,000. Gawanya. Kila kilo inabeba mzigo wa shilingi 150.

Chama kikubwa, tuseme, kinapokea kilo 600,000 na gharama zake ni shilingi 36,000,000. Kila kilo inabeba shilingi 60. Mkiungana, na gharama zao zisipopanda sana, kila kilo yako itaokoa karibu shilingi 90. Wewe uliyevuna kilo 300 utaokoa shilingi 27,000. Hapo ndipo watu hupiga makofi.

Ngoja kwanza, usipige makofi bado. Uliza: ghala letu la hapa litabaki wazi? Kama litafungwa, na ikupase kupeleka kahawa kituo cha mbali, utalipa usafiri. Kilo 300 ni magunia sita ya kilo 50. Kila gunia likisafirishwa kwa shilingi 5,000, umelipa shilingi 30,000. Uliokoa 27,000, umetoa 30,000. Umepoteza shilingi 3,000, na siku nzima ya kazi juu yake. Na yule mama anayeleta debe moja moja kichwani kila wiki ataumia zaidi, kwa sababu hana magunia sita ya kupakia mara moja. Huyo ndiye wa kwanza kuangukia kwa walanguzi wa njiani.

Kwa hiyo faida ya kuungana haimo katika ukubwa wa jina. Imo katika mambo mawili yakienda pamoja: gharama zipungue, na huduma ibaki karibu. Pigeni hesabu hii kwa kilo zenu na shilingi zenu wenyewe. Karani aiandike ubaoni siku ya mkutano, kila mtu aione.

CHAMA CHENU KINA THAMANI GANI?

Huwezi kwenda mnadani na mbuzi bila kujua mbuzi wako ana thamani gani. Kabla ya mazungumzo kufika mbali, hesabuni mali na madeni. Tuendelee na mfano wetu.

Upande wa mali: ghala limekadiriwa shilingi 20,000,000, mizani na vifaa 2,000,000, fedha benki 9,000,000, mikopo ambayo wanachama wanadaiwa na chama 7,000,000. Jumla shilingi 38,000,000.

Upande wa madeni: pembejeo zilizokopwa shilingi 6,000,000; akiba za wanachama 8,000,000; na mfuko wa elimu, yaani fedha zilizotengwa kwa ada na sare za watoto yatima, 4,000,000. Jumla shilingi 18,000,000. Akiba za wanachama ziko upande wa madeni kwa sababu chama kinawadaiwa na wenyewe. Si mali ya chama.

Toa 18 katika 38, inabaki shilingi 20,000,000. Lakini tuwe wakweli. Katika ile mikopo ya 7,000,000, kuna 3,000,000 ambazo wakopaji wake wamehama au wamekufa. Hizo hazitarudi. Ziondoeni. Sasa chama chenu kina thamani ya shilingi 17,000,000, sawa na shilingi 170,000 kwa kila mwanachama.

Halafu chama kikubwa kinasema: "Kila mmoja wenu tutamwandikia hisa ya shilingi 50,000." Mara mia moja ni shilingi 5,000,000. Zile 12,000,000 nyingine zimekwenda wapi? Sikiliza vizuri hapa. Si lazima kila senti igawanywe kwa mwanachama mmoja mmoja. Fedha ya akiba ya chama ni ya wote, na kwa kawaida haigawanywi mifukoni mwa watu. Lakini ni haki yenu kuuliza inaingia katika daftari gani na kwa kazi gani. Mnaweza kuomba, kwa mfano, kwamba sehemu yake ibaki kutengeneza ghala lenu au barabara ya kulifikia. Muhimu iandikwe.

Na kiwanja cha ghala kina hati ya nani? Mahali pengi kiwanja kilitolewa na mzee mmoja kwa maneno ya mdomo chini ya mwembe. Mzee amefariki, watoto wake wanakijua, chama hakina karatasi. Malizeni jambo hilo na familia na serikali ya kijiji kabla ya muungano. Mkiliacha, mtawapelekea wageni ugomvi, nao wanaweza kuuza haraka ili wauepuke.

MFUKO ULIOTENGWA KWA KAZI MAALUMU

Hapa nataka tusimame kidogo, kwa kuwa hapa ndipo vyama vingi huteleza. Vyama vidogo vingi vina mfuko wa kusaidia jamii. Kila kilo inakatwa senti chache. Zinajenga darasa, zinanunua kitanda cha zahanati, zinalipia mtoto yatima. Fedha hiyo ilitolewa na watu kwa nia maalumu. Waliokatwa walikubali kwa sababu waliambiwa ni ya kazi ile.

Chama kidogo kikifutwa, fedha hiyo ikamiminwa katika akaunti kubwa pamoja na fedha nyingine, imepoteza jina. Mwaka ujao chama kikubwa kina upungufu wa fedha za kununulia dizeli. Fedha ipo, inachukuliwa. Hakuna aliyeiba, na mtoto yatima wa kijijini kwenu harudi shuleni muhula unaofuata. Na chama kikubwa kikifilisika, wadai watakamata chochote kilichomo katika akaunti ile.

Fanyeni hivi. Kwanza, mfuko huo uwe na akaunti yake peke yake. Pili, mkataba wa muungano utaje kiasi chake kwa tarakimu na kwa maneno, na kazi yake. Tatu, kamati ya watu wa hapa ndiyo iamue nani anasaidiwa. Nne, taarifa yake isomwe kila mwaka kwenye mkutano wa tawi. Tano, kama fedha ni nyingi, muulizeni afisa ushirika au mwanasheria wa halmashauri juu ya kuiweka chini ya wadhamini, nje kabisa ya chama kinachofanya biashara. Mkifanya hivyo, chama kinaweza kubadilika jina mara tatu na mtoto akaendelea kusoma.

SAUTI YENU ITAKUWA KUBWA KIASI GANI?

Katika ushirika, mwanachama mmoja ana kura moja, awe na migomba kumi au elfu. Hilo ni jambo jema. Lakini lihesabu. Leo mko 100, na kila mia ya kura ni yenu. Chama kikubwa kikiwa na watu 1,900, mkiungana mtakuwa 2,000. Ninyi ni watano katika kila mia. Hata mkiinua mikono yote, na miguu juu yake, hamwezi kuzuia jambo.

Msikate tamaa kwa hilo, ila msitegemee kura peke yake. Ombeni tawi linalotambuliwa katika masharti ya chama, lenye kamati na mkutano wake. Ombeni idadi ya wajumbe wenu itajwe, angalau kwa miaka ya mwanzo. Ombeni sharti kwamba ghala lenu halitafungwa wala kuuzwa bila mkutano wa tawi kukubali. Ombeni mkutano mkuu ufanyike kwa zamu, siyo mjini kila mara, maana nauli ya kwenda mjini nayo ni ukuta. Na wanawake wawe katika wajumbe, kwani wao ndio wachumaji na wabebaji wa mazao, na wao ndio watakaotembea ghala likihamishwa.

Msiwasahau watumishi. Karani na mlinzi wamefanya kazi miaka mingi. Je, wanachukuliwa? Kama hawachukuliwi, malipo yao ya mwisho na michango yao ya hifadhi ya jamii ikamilishwe na chama cha zamani kingali hai. Na wakopaji waulize: riba yetu inabaki ile ile? Mwenye deni la shilingi 300,000 kwa riba ya moja kwa mia kwa mwezi analipa riba ya 3,000. Ikipanda hadi moja na nusu, analipa 4,500. Tofauti ndogo, lakini ni ya kila mwezi.

MPIMENI NA MWENZENU

Wao wanakagua madaftari yenu. Nanyi kagueni yao. Ombeni hesabu zao zilizokaguliwa za miaka mitatu iliyopita. Vyama vingi hukaguliwa na COASCO, shirika lililoundwa mwaka 1982 kwa kazi hiyo ya ukaguzi na usimamizi. Angalieni mkaguzi amesema nini mwishoni. Ulizeni wana deni kiasi gani benki, na dhamana yake ni kitu gani. Ukiungana na mwenye deni, umeungana na deni lake. Ghala lenu lisilodaiwa linaweza kusimama kesho kulipia gari lililopinduka kabla hamjafahamiana. Ulizeni pia wakulima wa tawi lao la mbali kabisa. Nendeni siku ya malipo, mkae kivulini na kusikiliza. Hao watawaambia zaidi ya viongozi wa makao makuu.

Mkiona hesabu hazionyeshwi, au mnaharakishwa mtie sahihi leo leo, au ahadi ni za mdomo tu, kataeni kwa heshima. Kukataa sasa si kukataa milele. Na katikati pana njia nyingine. Vyama vitatu vidogo vinaweza kuajiri mhasibu mmoja, akakaa siku mbili kila chama. Vinaweza kukodi lori moja, kununua mbolea kwa pamoja, au kuuza kwenye mnada mmoja, na kila chama kikabaki na muhuri wake. Fanyeni hivyo misimu miwili. Mkielewana kazini, ndoa itakuja yenyewe.

HATUA ZA KUFUATA

Mkishapima na kuona kuungana kuna faida, msiruke hatua. Kamati iwaite wanachama wote, waelezwe na waulize, bila kupiga kura siku hiyo. Watu wapewe nafasi ya kwenda kulala na jambo hilo na kulizungumza nyumbani. Teueni watu wachache waaminifu wa kuhesabu mali na madeni, na wawe na mtu wa nje anayejua hesabu. Wadai wa chama wajulishwe. Rasimu ya mkataba isomwe yote kwa Kiswahili kinachoeleweka, kifungu kwa kifungu. Ndipo uitishwe mkutano mkuu maalumu wa kupiga kura, kwa taarifa na akidi inayotajwa katika masharti ya chama chenu na katika Sheria ya Vyama vya Ushirika Namba 6 ya mwaka 2013. Sheria hiyo ndiyo iliyoanzisha Tume ya Maendeleo ya Ushirika, ambayo mtendaji wake mkuu ni Mrajisi wa vyama. Afisa ushirika wa wilaya awepo, awasomee kifungu kinachohusika. Maamuzi yapelekwe kwa Mrajisi, na makabidhiano yafanywe mbele ya wanachama, kitu kwa kitu, mizani, kabati, meza na viti.

Nakala za daftari la zamani la wanachama, hisa na akiba zibaki kijijini, mahali pakavu pasipo mchwa. Kila mwanachama aweke stakabadhi zake nyumbani. Mwaka wa kwanza baada ya kuungana, ulizeni mambo matatu kwenye mkutano wa tawi: gharama kwa kilo imeshuka? Malipo yanafika kwa wakati? Mfuko wetu una shilingi ngapi? Mkipata majibu yenye tarakimu, mko katika njia nzuri.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Chama chetu kinatumia shilingi ngapi kwa kila kilo au kwa kila mwanachama?

2. Tukiungana, ni kwa namna ipi kati ya zile tatu, na sababu yake tunaweza kuitaja kwa sentensi moja?

3. Tukitoa madeni yote na mikopo isiyolipika, chama chetu kina thamani gani?

4. Kiwanja, ghala na mfuko wetu wa jamii vina karatasi zinazosema ni vya nani na ni vya kazi gani?

5. Nani kati yetu ataumia ghala likihamishwa, na tumemsikiliza?

6. Ni mambo gani matatu ambayo hatutatia sahihi mpaka yaandikwe?

Mkishayajibu maswali hayo, ndugu wakulima, mtaingia kwenye mkutano mkijua mnachotoa na mnachopata, na mkono utakaoinuliwa, wa ndiyo au wa hapana, utakuwa mkono wa mtu aliyepima. Tukikutana tena tutarudi shambani, tuzungumze juu ya kukausha mazao na kuyaweka ghalani bila kuoza.